Kiti cha dereva: bolti nne na soketi moja ya njano

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Nzuguni hapa Dodoma, natumia Toyota Premio ya 2008. Kiti cha dereva kimechoka. Nikikanyaga breki kinacheza na kutoa mlio wa "kok", na sponji ya upande wa mlango imekwisha hadi nahisi chuma. Nimeagiza kiti kilichotumika kutoka Ilala, Dar es Salaam, kimefika juzi kwa basi. Shemeji yangu anasema ni bolti nne tu, nusu saa kazi imekwisha. Jirani ananiambia nisiguse kabisa, ndani ya kiti kuna bomu. Nimsikilize nani? Na kama naweza kufanya mwenyewe nyumbani, nianzie wapi? Baadaye nataka kukishonea kava ya reksini.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Shemeji yako amehesabu vizuri, bolti ni nne. Jirani naye hakuzusha, ila "bomu" ni jina kubwa mno kwa kitu kilichowekwa pale kuokoa mbavu zako. Kazi hii inafanyika nyumbani. Ninachokataa ni ile nusu saa. Tenga asubuhi nzima ya Jumamosi, na huyo shemeji awepo, maana kiti cha mbele kinafika kilo 20 na zaidi na hakina mahali pazuri pa kushika.

Kabla hujang'oa chochote, chukua spana ukaze bolti za kiti kilichopo. Mlio wa "kok" kwenye breki mara nyingi ni bolti moja ya nyuma iliyolegea, na njia zetu za vumbi zenye mawimbi ni hodari wa kulegeza vitu. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alishabadilisha kiti mara mbili, kumbe tatizo lilikuwa bolti ileile ambayo kila fundi aliikaza nusu kwa sababu kapeti ilikuwa inamziba. Ukikaza na mlio ukaisha, kilichobaki ni sponji, na sponji ni kazi ya fundi wa viti. Najua pesa umeshatoa, lakini heri ujue ugonjwa kabla ya kumeza dawa. Mlio ukiendelea, shika egemeo la mgongo ulitikise mbele na nyuma. Ukisikia linacheza kwenye bawaba ya kulaza kiti, au kiti kizima kinayumba juu ya reli wakati bolti zimekaza, basi kweli kimekwisha na tuendelee.

Watu wengi wanakichukulia kiti kama kochi lililofungwa ndani ya gari. Tazama mkanda wako. Una kipande cha kifuani na kipande cha kiunoni, na vyote viwili vinakutana kwenye ulimi wa chuma unaouchomeka. Kifungio unakouchomeka, chenye kitufe chekundu, hakijafungwa sakafuni. Kimefungwa kwenye fremu ya kiti. Gari likigonga, mzigo wa kifua na wa kiuno unavuta kifungio, kifungio kinavuta kiti, kiti kinavuta reli, reli zinavuta bolti nne. Kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu za kushikilia mikanda, inapima kwa kuvuta upande wa kifua kwa nguvu inayokaribia kilo 1,370, na upande wa kiuno kiasi hichohicho. Pale ambapo mkanda umeshikwa na kiti, inaongezwa nguvu ya mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Sehemu kubwa ya mzigo huo inaishia kwenye vichwa vya bolti unavyovifunika kwa spana ya boksi namba 14. Kwa hiyo mtu akikwambia bolti tatu zinatosha, ya nne imepotea tu, mwache aende nayo kwenye gari lake.

Sasa bomu la jirani. Fungua mlango, angalia ubavu wa egemeo la mgongo upande wa mlangoni. Ukiona kitambulisho kidogo chenye maandishi SRS AIRBAG, kiti chako kina eabegi ya ubavuni. Ni mfuko uliokunjwa pamoja na kifaa cha kutoa gesi kinachofyatuliwa na mkondo mdogo sana wa umeme. Soketi yake chini ya kiti ni ya njano. Rangi hiyo kwenye gari ina maana moja: hapa pana eabegi au kivuta mkanda (kifaa kinachokaza mkanda ghafla ajali ikitokea), shika kwa adabu.

Kompyuta ya eabegi ina akiba yake ya umeme, ili hata betri ikisagika kwenye ajali bado iweze kufyatua. Kwa hiyo kuondoa waya wa betri na kurukia soketi papo hapo ni kosa, kwa sababu umeme bado upo. Vitabu vya Toyota vinataka usubiri sekunde 90 zisizopungua baada ya kutoa waya wa hasi. Watengenezaji wengine wanataka dakika 3. Mimi nasubiri dakika 10, kwa sababu sijawahi kuona hasara ya kunywa kikombe cha chai.

Kabla ya kugusa gari, kikague hicho kiti kilichotoka Ilala. Hapa ndipo ningetumia muda mrefu kuliko kwenye spana. Kigeuze chini juu mahali penye mwanga. Gari zetu za Dodoma hazishiki kutu kirahisi, hewa ni kavu, lakini kiti cha Dar kinaweza kuwa kimetoka kwenye gari lililozama mafuriko, na kiti kilichotoka Japani kinaweza kuwa kimetumika kule kaskazini ambako barabara za theluji zinamwagiwa chumvi. Tafuta kutu kwenye springi, kwenye meno ya reli, na hasa ndani ya soketi. Ncha za soketi zikiwa na ukungu wa kijani au nyeupe, maji yalifika. Kutu ya juujuu kwenye fremu naweza kuivumilia. Kutu ndani ya soketi ya njano siivumilii.

Pima umbali wa matundu ya bolti kwa futi ya fundi cherehani, mbele kwa nyuma na kulia kwa kushoto, ulinganishe na kiti chako. Viti vya Premio na Allion za kizazi kimoja ni ndugu, lakini ukiambiwa "hiki kinaingia gari zote za Toyota" jua muuzaji anataka kufunga duka. Tundu likipishana hata kwa sentimita moja, usikubali litanuliwe kwa mashine ya kutoboa. Rudisha kiti.

Kisha linganisha soketi: idadi, rangi, umbo. Kiti cha zamani kina eabegi na kipya hakina? Taa ya SRS, yaani taa ya onyo ya eabegi kwenye dashibodi, itawaka na haitazimika. Hapo utakutana na fundi mjanja atakayekupa suluhisho la bei ya soda: anachomeka rezista, kipande kidogo kinachopunguza umeme, kwenye soketi ya njano, kompyuta inadhani eabegi ipo, taa inazimika. Mimi naiita hiyo dhambi ya kiufundi. Dashibodi inasema uko salama na ubavuni mwako hakuna kitu, na siku ukiliuza gari, mnunuzi hatajua. Angalia pia mshono wa ubavu wa kiti ulichonunua. Ukiwa umepasuka au umeshonwa upya kwa mkono, eabegi ilishafyatuka na kiti kimetoka kwenye gari la ajali. Na tafadhali, asitokee mtu wa kuweka mita ya umeme kwenye zile ncha za njano "kuangalia kama iko hai". Umeme wa mita unaweza kutosha kuifyatua.

Kiti kikipita mtihani huo, vifaa ni vichache: spana namba 10 ya betri, boksi namba 14 na racheti yake na ekstensheni, bisibisi bapa, glavu, blanketi kuukuu, na simu ya kupigia picha.

Egesha kivulini, pasipo mteremko, vuta breki ya mkono. Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie taa ya SRS. Inatakiwa iwake kwa sekunde kama 6 kisha izime. Ikibaki inawaka kabla hata hujagusa kitu, simama hapo. Gari lina tatizo lake tayari, lipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta, vinginevyo baadaye hutajua kipi ni chako na kipi ulikikuta. Ikizima, vizuri. Shusha kioo cha dereva ili usijifungie nje, zima, toa ufunguo, uuweke ndani ya nyumba.

Jambo moja la redio. Baadhi ya redio za Japani zenye ramani, umeme wa betri ukikatika zinajifunga, na ukirudisha zinadai namba ya siri na kuonyesha maneno ya ERC. Kama yako ni ya aina hiyo na unaipenda, tafuta kwanza namba yake. Nimeona watu wanaacha betri ikiwa imeunganishwa kwa kuogopa kupoteza redio. Mwalimu, redio inanunulika.

Toa egemeo la kichwa. Sukuma kiti mbele kabisa, utaona bolti mbili za nyuma, pengine zimefunikwa na vipande vya plastiki vinavyotoka kwa kudokolewa taratibu na bisibisi. Plastiki hizo baada ya jua la miaka yote hii huvunjika kama biskuti, kwa hiyo usizikurupushe. Vua waya wa hasi wa betri, uufunge kitambaa usirudi kugusa. Unaanza na hasi kwa sababu spana ikiteleza na kugusa bodi hakitokei kitu. Ukianza na chanya spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Sasa kanywe chai.

Kama ungekuwa na kiti cha umeme, mpangilio ungekuwa tofauti kidogo: unatoa bolti zote nne kwanza ukitumia swichi kukisogeza, ndipo unakata betri. Chako nadhani ni cha mkono, unavuta chuma cha chini, kwa hiyo betri inaweza kutangulia.

Ukirudi, toa bolti za nyuma, sukuma kiti nyuma kabisa, toa za mbele. Ziweke kwenye kopo kwa mpangilio, kwani kwenye gari nyingine za mbele na za nyuma hazilingani. Rudisha kiti katikati ya reli ili uzito ulingane, nyanyua egemeo la mgongo liwe wima, kisha mwambie shemeji akiinamishe kiti chote nyuma, akishikilie. Wewe uingie na mwanga wa simu.

Piga picha nyaya zote zilivyopita. Halafu gusa chuma kitupu cha bodi ya gari kwa kiganja. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ya Dodoma inakauka mpaka ukivua sweta gizani unaona cheche, na cheche hiyo ya mwili wako ni umeme pia. Soketi nyingi za eabegi zimewekewa kibati ndani kinachounganisha ncha zake pindi zinapochomolewa, kwa sababu ya umeme wa namna hiyo, lakini mkono kwenye bodi ni bure. Soketi ya njano ina kufuli mbili: kuna kipande kidogo cha plastiki cha kusogeza au kunyanyua kwanza, kisha ndipo unabonyeza na kuchomoa. Usivute waya, na kama haitoki usitumie plaizi. Iangalie tena, kuna kufuli hujaiona. Soketi nyingine ya kawaida ni ya taa ya mkanda, inatoka kifungioni. Chungulia pia kama ncha ya chini ya mkanda imefungwa kwenye kiti. Gari nyingine zimefanya hivyo.

Baada ya hapo mpaka kiti kipya kiunganishwe, hakuna kurudisha betri. Hata kidogo. Kijana mmoja aliniletea gari taa ya SRS inawaka. Alikuwa ametoa viti afue kapeti, akachoka na ukimya, akarudisha betri ili asikilize mpira. Alipozungusha swichi tu, kompyuta ikaona eabegi mbili hazipo, ikaandika kosa, na kosa hilo halikufutika hata baada ya kurudisha kila kitu. Alilipa mtu wa mashine kulifuta. Shida yenyewe si hela hiyo: taa ile ikiwaka, usitegemee eabegi yoyote ndani ya gari, hata ya usukani.

Kutoa kiti mlangoni ndiko kunakokwaruza watu na magari. Reli zimechomoza chini kama meno ya reki, na zina grisi nyeusi isiyotoka kwenye gauni wala kwenye kapeti. Tandika blanketi kwenye kizingiti cha mlango. Mmoja ashike fremu ya chini kwa mbele, mwingine fremu ya nyuma, si vishikio vya plastiki wala mkono wa kulazia kiti. Kitangulie kutoka chini, mgongo ufuate. Kiweke kimesimama wima juu ya mkeka, ubavu wenye eabegi usiegemee ukuta, na watoto wakae mbali. Na gari lisiendeshwe. Nasema hivyo kwa sababu nimemwona kwa macho yangu mtu anatoka Kizota amekalia kreti la soda, kiti kiko kwa fundi.

Chini ya kiti chako utakuta nusu ya ardhi ya Dodoma, kalamu nyekundu tatu na sarafu. Fagia, futa, usimwage maji. Zingatia matundu ya bolti sakafuni. Vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi linakuwa kama msasa, na bolti ikiingia nalo itakupa hisia ya kukaza wakati haijafika. Yapulize, au zungusha kitambaa kwenye kijiti.

Kiti kipya, kikiwa bado nje, linganisha reli zake. Vuta chuma cha kusogezea, telezesha pande zote mbili, achia. Reli ya kulia na ya kushoto lazima zijifunge kwenye jino linalolingana. Kiti kikisafirishwa kwenye buti la basi mara nyingi reli moja inaruka jino. Ukikifunga hivyo kitakuwa kimeshikwa upande mmoja tu, na utagundua siku utakapofunga breki za ghafla pale mzunguko unapojaa bodaboda.

Kiingize kwa uangalifu uleule, kiinamishe nyuma, chomeka soketi zote mpaka zilie "tik", rudisha kufuli ya njano. Nyaya zipite zilivyopita kwenye picha. Halafu bolti, na nataka uanze kwa vidole. Zote nne zishikwe kwa mkono mizunguko kadhaa kabla spana haijagusa hata moja. Bolti isiyokubali vidole imekaa upande. Itoe, uanze upya. Ukiilazimisha utaharibu nyuzi za nati iliyochomelewa chini ya sakafu, na hapo kazi ya Jumamosi inageuka ya wiki nzima.

Tumia bolti zilezile za gari. Ikipotea moja, nunua ya kiti cha Toyota kutoka kwa wauza spea, usiende duka la vifaa vya ujenzi. Bolti nyingi za dukani huko ni daraja la 4.6 au 4.8, na bolti ya 8.8 huandikwa namba hiyo kichwani. Ile namba ya kwanza inaeleza nguvu ya kukatika, kwa hiyo ya 4 ina nusu ya nguvu ya ile ya 8. Kwa macho zinafanana kabisa.

Kukaza: Toyota nyingi za ukubwa wa gari lako, bolti za kiti cha mbele zinatakiwa 37 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama gereji ya jirani ina spana ya kupimia, ile inayolia ikifika, iazime. Kama hakuna, kuna njia ninayoitumia nikiwa safarini. 37 Nm ni sawa na kuvuta kilo 15 kwenye mpini wa sentimita 25. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoana wanayopimia samaki, weka alama kwenye mpini wa racheti sentimita 25 kutoka katikati ya bolti, pachika ndoana hapo, vuta mizani ikiwa imekaa pembe mraba na mpini mpaka isome 15. Basi. Mwanamume mwenye kifua na bomba la kurefushia spana anapitisha hapo mara tatu na kuita hiyo "kukaza vizuri", na kumbe ameivuta bolti mpaka imechoka. Kaza kidogo kidogo kwa kukingama, mbele kulia, nyuma kushoto, zote zifike pamoja.

Telezesha kiti mwanzo hadi mwisho mara kadhaa ukiangalia chini kama kuna waya unaobanwa na reli. Waya wa njano ukichunika pale, taa itakuja kuwaka miezi miwili baadaye na hutakumbuka sababu.

Betri mwisho kabisa. Wakati wa kurudisha waya wa hasi asiwepo mtu ndani ya gari wala aliyeegemea kiti. Kisha washa swichi bila injini: taa ya SRS iwake sekunde zake 6, izime. Chomeka mkanda, taa ya mkanda izime. Kaa, sukuma kwa miguu na mgongo kwa nguvu, kiti kisisogee. Nenda uwanja mtupu, endesha polepole, funga breki kwa ukali mara mbili tatu. Kimya? Umemaliza. Baada ya wiki ya njia za vumbi, pitisha spana tena. Taa isipozima, zima, vua betri, subiri tena, ukague soketi ya njano. Ikikataa mara ya pili, nenda kwa mwenye mashine. Asikutolee balbu ya dashibodi.

Umeuliza pia kava, na nisipoongea hapa kazi yote ya juu inaweza kupotea. Ubavu wa kiti chenye eabegi umeshonwa kwa uzi maalumu uliokusudiwa kupasuka, na mfuko unatokea hapo kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Fundi wetu wa viti ni mtu wa sifa: anataka kazi idumu, anatumia uzi mnene, anashona mara mbili. Reksini nene na uzi wa buti juu ya eabegi ni sawa na kufunga mlango wa dharura kwa minyororo. Mfuko utachelewa, au utatokea kusikotakiwa. Mwambie aache ubavu wote wa mlangoni wazi kuanzia pale kwenye kitambulisho, au anunue kava iliyokatwa dirisha hapo. Sehemu ya chini ya kiti, unakokalia, ashone atakavyo. Akitaka kuvua kitambaa cha mgongo, apewe kiti kilichotolewa nje ya gari, na asipige nyundo wala kuchoma sindano ubavuni. Wengi wao hawajawahi kuambiwa, si wazembe.

Nikukumbushe pia kwamba haya yote ni ya kiti cha mbele cha gari la kawaida. Ukija kununua gari la mseto la petroli na umeme, usiingie chini ya kiti cha nyuma kwa ujasiri huu. Kwenye Prius nyingi betri kubwa ya zaidi ya volti 200 iko huko nyuma, na nyaya zake ni za rangi ya chungwa.

Halafu kuna kiti chako cha zamani. Kama kina eabegi, bado ni hai, na itabaki hai hata kikikaa stoo miaka mitano. Usikichome na takataka, na usimpe mnunuzi wa chuma chakavu ambaye atakitandika nyundo kwa ajili ya fremu. Kuna mtu mwenye Premio ambaye eabegi yake imekufa na anatafuta hicho. Muuzie, mwonyeshe kitambulisho cha ubavuni, na umwambie anywe chai kwanza.